JINSI YA KUSOMA PICHA ZA VITA: MIKIA YA NDEGE ZA KWANZA ZA JETI

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hangoji matone yaanguke ndipo ajue kwamba mvua i karibu, bali hutazama rangi ya wingu na upande uvumako upepo. Karani naye, aletewapo barua isiyotiwa jina, huitambua kwa mwandiko na kwa muhuri wa posta. Kuisoma picha ni kazi ya namna hiyo hiyo: ni kuanza na dalili ndogo inayoonekana, na kwa hiyo kuifikia habari kubwa isiyoonekana. Katika picha za ndege za vita dalili moja huwapita wengi, nayo ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote. Dalili hiyo ni mkia.

Jambo hili si geni kwa watu wa Nairobi. Olympic ni mtaa ulio pembeni mwa Kibera, mahali ambapo askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa nafasi ya kukaa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na jina la kale la mahali hapo, Kibra, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baba na babu za watu wengi wa huko walikwenda vitani, na waliorudi walikuja na nishani, vyeti na picha. Ng'ambo ya pili ya mji, upande wa mashariki, kilikuwapo kituo cha ndege za vita cha Eastleigh, ambacho baadaye kiliitwa Moi Air Base. Kwa hiyo si ajabu kuikuta picha ya ndege ya vita katika sanduku la nyumba ya Olympic, au Kawangware, au penginepo katika mji huu, pamoja na barua na stakabadhi za kale.

Na ichukuliwe kuwa picha ya namna hiyo imetolewa sandukuni, na jamaa wameizunguka. Yaonyesha ndege yenye injini mbili, isiyo na rafadha, imesimama juu ya uwanja. Nyuma ya picha pameandikwa neno moja tu, Eastleigh, bila ya mwaka. Mmoja asema, "Hii ndiyo ndege iliyomwaga mabomu katika msitu wa Aberdare." Wa pili asema, "Sivyo. Hii ni ndege ya vita vya Hitler." Wa tatu asema kwamba ndege zote ni mamoja. Ni nani mwenye haki? Mabishano hayo hayawezi kukatwa kwa sauti kubwa wala kwa umri wa msemaji. Yatakatwa kwa kuitazama picha.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya kupoteza wakati. Hali ya Hatari ilitangazwa katika Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, ikaisha mwezi wa Januari 1960. Miaka zaidi ya hamsini ilipita kabla wazee walioteswa katika kambi hawajasikilizwa, na mwaka wa 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kwa miaka mingi yalikuwapo mafaili yaliyofichwa, ambayo kuwako kwake kulikubaliwa mwaka wa 2011. Funzo la jambo hilo ni wazi: ushahidi wa kale una thamani, lakini una thamani kwa yule tu ajuaye unasema nini. Mzee akisimama na picha mkononi na kusema neno lisilolingana nayo, adui wa habari yake ataishika kosa hiyo moja, na ataikataa hata ile kweli yote iliyobaki. Picha iliyosomwa vibaya humdhuru mwenyewe.

Basi kwa nini kuanza na mkia? Ndege ya rafadha huvuta hewa na kuitupa nyuma juu ya mabawa na mkia. Injini ya jeti hunyonya hewa mbele, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitoa nyuma kwa nguvu na kwa joto kali. Ndege ya kwanza ya jeti kuruka ilikuwa Heinkel 178 ya Wajerumani, tarehe 27 Agosti 1939, na ya kwanza ya Waingereza ilikuwa Gloster E.28/39, tarehe 15 Mei 1941. Mafundi wa siku zile walikabiliwa na swali ambalo halikuwapo zamani: mkia utawekwa wapi, usije ukaunguzwa na kutikiswa na ule moto utokao nyuma? Kila fundi alijibu kwa njia yake, na majibu yao yamebaki katika picha kama alama ya masikio ya ng'ombe, ambayo kwayo mwenye mali humtambua wake katika kundi.

Katika ndege ya Gloster Meteor, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1943, injini mbili zilitiwa ndani ya mabawa, moja kila upande. Ili bawa dogo la kulala la mkia lisipigwe na joto la injini, mafundi walilipandisha juu, likalikata lile bawa la kusimama karibu na katikati yake. Ndiyo sababu Meteor ikitazamwa kutoka nyuma mkia wake wafanana na msalaba. Katika ndege ya de Havilland Vampire, iliyoruka tarehe 20 Septemba 1943, jibu lilikuwa jingine. Injini ilikuwa moja tu, nayo injini za kwanza zilikuwa dhaifu. Kama moto ungepitishwa katika bomba refu mpaka mwisho wa mkia, nguvu nyingi ingepotea njiani. Kwa hiyo kiwiliwili kilifanywa kifupi kama yai, na mkia ukashikwa na mihimili miwili mirefu itokayo katika mabawa, moto ukapita katikati pasipo kizuizi. Aliyekwisha kuiona Vampire mara moja hawezi kuifananisha na nyingine.

Messerschmitt 262 ya Wajerumani nayo ina hadithi ya mkia. Zile za kwanza zilizofanywa kwa kujaribiwa zilisimama mkia ukiwa chini, juu ya gurudumu dogo, kama ndege za rafadha. Tarehe 18 Julai 1942, huko Leipheim, rubani Fritz Wendel alipotaka kuirusha aliona kuwa mkia hauinuki, kwa kuwa mabawa yaliuzuia upepo usiufikie, na rafadha ya kuupelekea upepo haikuwapo. Ilimlazimu kugusa breki kidogo huku ndege ikienda mbio, ndipo mkia ukainuka na ndege ikapaa. Baadaye mafundi walitia gurudumu mbele chini ya pua, mkia ukakaa juu tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu akiona picha ya Messerschmitt 262 iliyokalia mkia, ajue kuwa ameona mojawapo ya zile chache za majaribio, wala si zile zilizopelekwa vitani kwa wingi.

Waliofanya kusoma picha kuwa kazi ya kila siku ni watu wa Medmenham katika Uingereza. Hapo, katika nyumba kubwa iitwayo Danesfield House, jeshi la anga lilikusanya picha zilizopigwa kutoka juu ya nchi za adui. Afisa mmoja, Bibi Constance Babington Smith, alikuwa mkuu wa wale walioshughulika na ndege. Chombo chao kikubwa kilikuwa stereoskopu, yaani miwani miwili juu ya miguu mifupi. Chini yake huwekwa picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa moja baada ya nyingine huku ndege ikisonga mbele. Jicho moja huona hii na jicho jingine huona ile, na ghafula nyumba na miti husimama kana kwamba mtu anatazama kutoka juu ya mnara.

Katika picha hizo ndege huweza kuwa kama punje ya ulezi. Hata hivyo, mwezi wa Juni 1943 Bibi huyo alizitambua katika kituo cha Peenemünde ndege ndogo zisizokuwa na bawa la kulala la mkia, nazo zikajulikana baadaye kuwa Messerschmitt 163, ndege za roketi. Alitambua kitu kwa kile ambacho hakikuwapo. Wenziwe kadhalika walijifunza kuyatazama majani ya uwanjani: palipokuwa na alama nyeusi mbili mbili za majani yaliyoungua, walijua kwamba ndege za jeti zimesimama hapo, ijapokuwa zenyewe zimekwisha kuingizwa bandani. Na katika picha iliyopigwa tarehe 28 Novemba 1943 alikiona chombo kidogo chenye mabawa, kimekaa juu ya reli zilizoinama kuelekea baharini. Hicho kilikuwa V-1, bomu lirukalo bila rubani, ambalo injini yake ni bomba lililopandishwa juu ya mkia. Mwaka uliofuata mabomu hayo yalianza kuanguka London, na Meteor za Kikosi cha 616 zilikuwa miongoni mwa ndege zilizotumwa kuyazuia, kuanzia mwezi wa Julai 1944.

Sasa habari hii irudi Nairobi. Siku za Hali ya Hatari zilionekana Eastleigh ndege za namna nne ambazo mikia yao haifanani. Ya kwanza ni Harvard, ndege ndogo ya kufundishia marubani, yenye rafadha moja puani na mkia wa kawaida wa bawa moja la kusimama. Hizi zilitumiwa kuanzia mwaka wa 1953 kutupa mabomu madogo. Ya pili ni Avro Lincoln, ndege kubwa ya rafadha nne, ambayo mkia wake una mabawa mawili ya kusimama, moja katika kila ncha ya bawa la kulala. Hizo zilifika mwezi wa Novemba 1953 zikadumu mpaka Julai 1955, nazo ndizo zilizotupa mabomu makubwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ya tatu ni Vampire kutoka Aden, yenye mihimili miwili. Ya nne ni Meteor ya namna ya PR.10, ya Kikosi cha 13 kutoka Misri, iliyokuja mwaka wa 1954. Kazi ya hiyo ya mwisho ilikuwa kupiga picha.

Hapa ndipo msomaji mwenye haraka huteleza. Mikia ya Meteor ilikuwa ya aina mbili. Meteor za kwanza, mpaka ile ya namba 4, zilikuwa na mkia wenye ncha za mviringo. Ilipofanywa ya namba 8, iliyoruka mwaka wa 1948, pua yake ilirefushwa kiasi cha inchi 30. Kurefushwa huko kuliharibu uzani wa ndege, ikabidi itiwe mkia mpya wenye ncha zilizokatwa kama mraba. Basi mtu aweza kusema, "Mkia wa mviringo ni wa zamani, kwa hiyo picha hii ni ya mwaka wa 1945." Hiyo ni kosa. PR.10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1950, yaani baada ya ile ya namba 8, ilipewa ule mkia wa mviringo wa zamani na mabawa marefu ya zamani. Mkia huitaja namna ya ndege. Hautaji mwaka wa picha. Shati la babu laweza kuvaliwa na mjukuu.

Mtego wa pili ni wa mikia miwili. Kabla ya Hali ya Hatari, Kikosi cha 82 kilizunguka sehemu nyingi za Afrika mpaka mwaka wa 1952, kikipiga picha za kutengenezea ramani, na Eastleigh ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege zake zilikuwa Lancaster, na Lancaster ni kaka yake Lincoln: nayo ina rafadha nne, nayo ina mabawa mawili ya kusimama mkiani. Picha ya Lancaster iliyosimama Eastleigh mwaka wa 1950, ikifanya kazi ya ramani, yaweza kudhaniwa kuwa ni ya Lincoln ya mabomu ya mwaka wa 1954. Hapo mkia peke yake hautoshi. Yapasa kutazama mabawa, kwa kuwa ya Lincoln yana upana wa futi 120 na ya Lancaster futi 102. Na yapasa kuhesabu panga za rafadha, maana Lincoln ina nne kwa kila rafadha, na Lancaster aghalabu tatu. Shahidi mmoja hakati kesi. Mashahidi watatu wakisema neno moja, baraza husikiliza.

Iko mitego mingine isiyotokana na ndege bali na picha yenyewe. Filamu za kale za namna moja hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu ilitoka kama nyeusi, na buluu ikatoka kama nyeupe. Mtu asiseme juu ya rangi za mkia kwa kutazama picha nyeusi na nyeupe. Tena wakaguzi wa siku za vita walikuwa wakifuta namba za ndege au mambo yaliyo nyuma yake kabla picha haijatolewa gazetini. Mahali palipo laini mno, pasipo hata doa, pana shaka. Mara nyingine picha husafishwa upande usio wake, kulia kukawa kushoto, na jambo hilo hujulikana kwa kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni. Kadhalika mpiga picha akipiga magoti, mkia huonekana uko juu kuliko ulivyo. Akiwa juu ya paa, huonekana uko chini. Dawa yake ni kivuli. Jua halimpendelei mtu: kivuli kilichoanguka juu ya ardhi huchora umbo la mkia kwa upande mwingine ambao kamera haikuuona. Na kama ni picha iliyopigwa kutoka angani, igeuzwe mpaka vivuli vielekee kwa mtazamaji. Isipofanywa hivyo, macho hudanganyika, kilima kikaonekana kama shimo.

Sasa na itazamwe tena ile picha ya sandukuni. Injini ni mbili na rafadha hakuna: basi si Harvard, wala Lincoln, wala Lancaster. Mihimili miwili haipo: basi si Vampire. Bawa la kulala limepandishwa na kulikata la kusimama: ni Meteor. Ncha za mkia ni za mviringo: si ile ya namba 8. Puani hakuna matundu ya mizinga, bali pana vidirisha vya kamera: ni PR.10. Ndege ya namna hiyo haikuwako kabla ya mwaka wa 1950, kwa hiyo aliyesema ni ya vita vya Hitler amekosea. Aliyesema ilimwaga mabomu naye amekosea, kwa kuwa ilikuja kupiga picha. Na aliyesema kuwa ndege zote ni mamoja amekosea kuliko wote.

Walakini yule wa kwanza asiaibishwe kupita kiasi. Ndege ya kupiga picha haitupi bomu, lakini picha yake yaweza kumwonyesha njia mwenye bomu. Ndiyo sababu yapasa kusema kwa uangalifu: hii ndiyo iliyotazama, na ile ndiyo iliyopiga. Maneno hayo mawili yakitengwa, habari ya mzee aliyekuwa msituni hupata nguvu, yakichanganywa, hudhoofika. Haki haisaidiwi na chumvi.

Imebaki neno moja kwa wenye masanduku. Picha ya kale isikatwe pembeni ili iingie katika fremu, maana aghalabu kivuli, banda au namba huwa pembeni. Isiandikwe nyuma kwa kalamu ya wino yenye kukandamiza, bali kwa penseli laini: mahali, mwaka, majina ya watu, na jina la aliyeitoa habari hiyo. Penye shaka, shaka iandikwe pia, wala mwaka usibuniwe kwa kuwafurahisha wageni. Iwekwe mbali na jua na unyevu, ndani ya bahasha ya karatasi, na filamu yake isitupwe kwa kudhaniwa ni taka. Tena wazee waulizwe wangali hai, kwa heshima na kwa upole, kila mmoja peke yake, ili mmoja asiyafuate maneno ya mwenzake.

Katika mitaa ya Olympic na Kawangware wako vijana wengi wenye macho mazuri kuliko ya baba zao, na wengi wao wamesoma. Mzee aonaye kwa shida anayo habari. Kijana aonaye vizuri hana. Wakiketi pamoja juu ya picha moja, yule akikumbuka na huyu akihesabu panga na kupima vivuli, kazi hukamilika. Kidole kimoja hakivunji chawa.